Dola milioni kumi kwa usiku mmoja: namna Ali na Foreman walivyoletwa Kinshasa

Wazee wengi wa Congo, hata wale ambao hawajafika Kinshasa hata siku moja, wakisikia jina la Muhammad Ali wanajibu kwa maneno ya Lingala: Ali, boma ye. Wale waliozaliwa nyuma wameyasikia kwa wazazi wao, ao kwenye filamu. Lakini kuna upande mmoja wa habari hii ambao hausimuliwi sana. Ali hakuja Zaïre kwa mapendo tu. Aliletwa kwa mkataba. Yeye na George Foreman waliahidiwa dola milioni tano za Kimarekani kila mmoja, na aliyesimama nyuma ya ahadi hiyo alikuwa Raisi Mobutu Sese Seko.

Ili kuelewa ukubwa wa feza hizo, inafaa kukumbuka kwamba wakati huo zaïre moja ilikuwa na thamani ya dola mbili. Ndiyo, zaïre moja kwa dola mbili. Vijana wa leo wanaohesabu franga kwa maelfu wanaweza kufikiri ni mzaha. Kwa hiyo wapiganaji wale wawili pamoja walikuwa wanachukua sawa na zaïre milioni tano. Na mwaka 1971, Ali alipopigana na Joe Frazier kwa mara ya kwanza mjini New York, kila mmoja alilipwa dola milioni mbili na nusu, na dunia nzima ilishangaa kwamba bondia anaweza kupata kiasi hicho. Kinshasa ilitoa mara mbili yake.

Kumlipa mwanamichezo maarufu aje kwako si jambo geni. Leo tajiri anaweza kumuita mchezaji mkubwa wa mpira kwenye ndoa ya mtoto wake. Mchezaji anakaa kwenye meza ya mbele, anapigwa picha na wageni, anakata keki, halafu gari linamrudisha hoteli. Wanamuziki wa Kinshasa wana neno lao kwa malipo ya namna hiyo: kashe. Anayetoa kashe hanunui wimbo, kwa sababu wimbo unapatikana kwenye redio bure. Ananunua kuwapo kwa mtu mwenyewe, ili wageni waseme: tulimuona, alikuwa kwa fulani.

Kinshasa ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilo kabla ya Ali. Timu ya Santos ya Brazil, ambayo ilikuwa na Pelé, ilizunguka dunia miaka ile ikicheza michezo ya kirafiki kwa malipo, na mwezi wa kwanza 1969 ilifika pande zote mbili za mto Congo. Mikataba ya Santos ilieleweka na kila mwandaaji: bei ya juu Pelé akiwa uwanjani, bei ya chini kama hayupo. Watu walikuwa wanamlipia mtu mmoja, wale wengine kumi walikuwa kama msindikizo. Mjini Kinshasa timu ya taifa iliwashinda Santos mabao 3 kwa 2. Si kila siku mwenye nyumba anamlipa mgeni aje, halafu anamfunga.

Habari ya mwaka 1974 ilianzia Marekani. Mtu aliyeitwa Don King, aliyetoka gerezani mwaka 1971 na ambaye hakuwa bado na jina kubwa katika ndondi, alifaulu kuwafanya Ali na Foreman waweke sahihi zao. Alimuahidi kila mmoja milioni tano. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuwa na feza hizo. Akaanza kutafuta nani duniani anaweza kuzitoa. Kampuni ya Uingereza iliyoitwa Hemdale ilitoa sehemu. Sehemu kubwa ilipitia kampuni yenye jina la Risnelia, iliyosajiliwa mbali na Congo, na ambayo wengi waliona nyuma yake mkono wa Mobutu. Serikali ya Zaïre ikaweka dhamana kupitia benki. Sharti lilikuwa pigano lifanyike Kinshasa.

Kwa nini Mobutu alikubali? Mwaka 1971 alikuwa amebadilisha jina la nchi na la mto, yote mawili yakawa Zaïre. Watu waliacha majina ya kizungu, wanaume wakaacha tai wakavaa abakosti. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973 alitangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yatapewa Wazaïre. Alitaka dunia ijue kuna nchi inayoitwa Zaïre, na kwamba ina kichwa kimoja. Kumuita Ali kulikuwa na faida nyingine. Ali alinyanganywa ubingwa mwaka 1967 kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, na Waafrika wengi walimuona kama mtu aliyewakatalia wakubwa. Kumkaribisha mtu wa namna hiyo kwako ni kuvaa kidogo heshima yake.

Hata matangazo yalionyesha nani mwenye sherehe. Wamarekani walikuja kwanza na bango lililotaja safari ya watu weusi kutoka meli za watumwa hadi ubingwa. Wakubwa wa Kinshasa hawakupendezwa, likaondolewa. Mahali pake mabango ya barabarani yalieleza kwamba pigano la watu weusi wawili, katika nchi ya watu weusi, lililotayarishwa na watu weusi na kutazamwa na dunia yote, ni ushindi wa Mobutu na siasa yake. Mabondia walikuwa hawajapigana bado, lakini mshindi alikuwa amekwisha kutangazwa.

Wageni walifika mwezi wa tisa. Ali aliwekwa N'Sele, kando ya mto, nje ya Kinshasa, mahali palepale ambapo chama cha MPR kilipata jina la manifesto yake mwaka 1967. Asubuhi alikimbia barabarani na watoto walimfuata. Alijua kazi aliyoitiwa kuifanya, na aliifanya kuliko ilivyoandikwa kwenye mkataba: alisalimia, alicheka, aliuliza watu hawa wanamchukia nani zaidi. Akaambiwa: Wabelgiji. Tangu siku hiyo akawa anawaambia watu kwamba Foreman ni Mbelgiji. Foreman masikini hakusaidia mambo yake. Alikuja na mbwa mkubwa wa aina ile ambayo polisi wa kikoloni walitumia, na watu wa Kinshasa walikuwa hawajawasahau mbwa wale. Kijana mweusi wa Texas, mwenye miaka 25, aliyekuwa ameshinda mapigano yake yote 40, akageuka kuwa mkoloni bila kujua kwa nini.

Pigano lilipangwa kwa tarehe 25 mwezi wa tisa. Siku chache kabla, katika mazoezi, Foreman alipasuka juu ya jicho. Hapo ndipo ilionekana wazi kwamba aliyelipwa aje hana uhuru wote wa mgeni. Foreman alitaka kwenda kutibiwa Ulaya. Wakubwa wa Zaïre hawakutaka kuona hata mmoja wa wale wawili akipanda ndege, kwa sababu nani angemrudisha? Wote wawili walibaki Zaïre wiki tano zaidi, mmoja N'Sele, mwingine hotelini Intercontinental, wakingoja kidonda kipone.

Tamasha la muziki halikungoja. Kuanzia tarehe 22 hadi 24 mwezi wa tisa, James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, Manu Dibango, Franco na OK Jazz yake, Tabu Ley Rochereau na Abeti Masikini walipiga muziki katika uwanja wa 20 Mai. Wapenzi wa rumba wanaweza kuzozana hadi kesho ni nani aliyewashinda wengine. Tuache hayo.

Tarehe 30 mwezi wa kumi, wapiganaji waliingia ulingoni saa kumi za usiku kwa saa ya Kinshasa. Kwa Bukavu, Goma na Lubumbashi ilikuwa saa kumi na moja, watu wanakaribia kuamka. Hakuna ndondi inayopigwa saa hiyo kwa mapenzi ya wenyeji. Ilikuwa hivyo kwa sababu Marekani, pande za New York, ilikuwa saa nne za usiku, na huko ndiko walikokuwa watazamaji waliolipa kuangalia katika kumbi za sinema. Makumi ya maelfu ya watu wa Kinshasa walikesha uwanjani ili saa ziwe nzuri kwa watu wa mbali.

Kilichofuata kinajulikana. Ali, mwenye miaka 32, aliegemea kamba, akajifunika uso kwa mikono, akamuacha Foreman apige hadi achoke. Raundi ya nane alimpiga kwa mkono wa kuume, Foreman akazunguka, akaanguka. Hakuinuka kabla ya hesabu kwisha. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ya majira ilinyesha juu ya uwanja, na wengi walisema kama ingekuja mbele, pigano lisingefanyika.

Mwenye sherehe hakuwako. Mobutu alitazama pigano kwenye televisheni, nyumbani kwake. Jambo hili mara nyingi linatajwa kama kichekesho, ao kama alama ya woga wake wa kukaa katikati ya umati. Lakini linaeleza pia sherehe ilikuwa ya nani. Serikali iliita pigano hili jambo la taifa zima. Mtu mmoja ndiye aliyeamua liwepo, hakuna bunge lililojadili bei yake, na mtu huyohuyo alilitazama akiwa peke yake na jamaa zake, kama anayekodi mchezo uchezwe kwake.

Feza zilitoka wapi? Kwa wasikilizaji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi jibu si gumu. Utajiri wa Zaïre ulikuwa shaba ya Gécamines, na Katanga yenyewe ilikuwa imepewa jina hilo la Kiswahili: jimbo la Shaba. Mwanzoni mwa 1974 shaba ilikuwa inauzwa vizuri mno. Mwezi wa nne bei ilifika kilele mjini London, halafu ikaanza kuanguka, na mwisho wa mwaka ilikuwa chini ya nusu. Kwa hiyo wakati Ali anainua mikono juu, hazina iliyotoa dhamana yake ilikuwa imekwisha kuanza kupungua. Miaka iliyofuata ilikuwa ya madeni, ya maduka yaliyotaifishwa na kubaki matupu, ya walimu wasiolipwa kwa wakati. Haitakuwa haki kusema dola milioni kumi ndizo zilizoiangusha Zaïre. Nchi ilikuwa na mizigo mikubwa kuliko hiyo. Lakini zilitoka katika mfuko uleule.

Na kuna watakaosema: angalau dunia iliijua Zaïre. Ni kweli. Nusu karne imepita, na bado wageni wakitaja Kinshasa wanataja usiku ule. Hoja hiyohiyo ilirudi mwaka 2025, serikali ya Congo iliposaini mikataba na vilabu vya AS Monaco, AC Milan na FC Barcelona ili jina la nchi litangazwe pamoja nao. Mwaka huohuo Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa M23, mwezi wa kwanza na wa pili, na watu waliokuwa katika makambi walilazimika kuhama tena, wengine kwa mara ya tatu ao ya nne. Waliotetea mikataba walizungumza juu ya utalii na kazi kwa vijana. Waliopinga waliuliza feza hizo zingenunua nini kingine. Maswali ya mwaka 1974 hayakuweza kuulizwa kwa sauti. Haya ya 2025 angalau yaliulizwa.

Lakini ili kujua mkataba wa Ali na Foreman uligharimu nini, haitoshi kuhesabu dola. Inafaa kuangalia wanamichezo wengine waliokuwa na deni kwa Mobutu mwaka huohuo, ao tuseme vizuri, waliokuwa wanamdai.

Tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili 1973, katika uwanja uleule wa 20 Mai, Leopards waliifunga Morocco 3 kwa 0 na kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika huko. Miezi mitatu baadaye walikwenda Misri kwa Kombe la Afrika. Huko Ndaye Mulamba, mzaliwa wa Kananga na mshambuliaji wa Vita Club, alifunga mabao tisa. Fainali na Zambia ilikwisha 2 kwa 2, na yote mawili ya Zaïre yalikuwa yake. Ikarudiwa tarehe 14 mwezi wa tatu, Zaïre ikashinda 2 kwa 0. Yote mawili, tena, Ndaye. Hadi leo hakuna aliyefikisha mabao tisa katika Kombe moja la Afrika. Mashabiki walimpa jina la Mutumbula, jina ambalo Katanga nzima linatumiwa kutishia watoto wasitembee usiku.

Wachezaji walipokelewa kama wafalme, wakapewa magari na nyumba. Halafu wakaenda Ujerumani mwezi wa sita. Walifungwa na Scotland 2 kwa 0, si matokeo ya aibu. Baada ya mchezo huo, kama walivyosimulia wenyewe miaka mingi nyuma, waligundua kwamba malipo waliyoahidiwa hayatawafikia, kwa sababu wakubwa waliosafiri nao walikuwa wameyala. Wakafikiri kugoma. Wakashawishiwa kuingia uwanjani, bila moyo, na Yugoslavia ikawafunga 9. Katika mchezo huo mwamuzi alimtoa Ndaye kwa kosa la mwingine: Mwepu Ilunga ndiye aliyempiga teke mwamuzi. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba kabla ya mchezo wa Brazil watu wa raisi walikuja kuwaonya: mkifungwa manne, msirudi nyumbani. Walifungwa matatu.

Hiyo ilikuwa tarehe 22 mwezi wa sita. Miezi minne na siku nane baadaye, Wamarekani wawili walipigana Kinshasa kwa dola milioni kumi. Leopards hawakuwa tena na raisi wa kuwapenda. Ulaya hawakuruhusiwa kwenda kucheza, hata wale waliotakiwa huko. Walizeeka nyumbani, pamoja na magari yao ya 1974.

Mwaka 1994 Ndaye Mulamba aliitwa Tunisia, kwenye Kombe la Afrika, kupewa heshima kwa mabao yake tisa. Aliporudi Kinshasa, watu wenye silaha walidhani amerudi na feza. Walimvamia, wakampiga risasi mguuni. Mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule, huko Las Vegas, George Foreman, mwenye miaka 45, alipata tena ubingwa wa dunia.

Halafu vita. Ndaye alimpoteza mtoto wake mkubwa wa kiume, na mwaka 1996 yeye mwenyewe akakimbilia Afrika Kusini. Akawa mkimbizi kama wengine: Johannesburg kwanza, kisha Cape Town, ambako familia moja ya mtaa wa maskini ilimpokea. Hakuwa na kazi. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, ilitangazwa kwamba amekufa katika mgodi wa almasi nchini Angola, na uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Alikuwa hai, Cape Town.

Baadaye alioa tena na kufundisha vijana wa timu ndogo za mitaani. Uwanja wa 20 Mai siku hizi unaitwa Tata Raphaël. Ali alikufa mwezi wa sita 2016. Ndaye Mulamba alikufa Johannesburg tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019, akiwa na miaka 70, na rekodi yake ya mabao tisa bado inasimama.